Mtoto wa Jiwe Amerudi Mbuba

Mbuba,
Wilaya ya Ngara.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa baba mdogo Juvenali,

Shikamoo. Naiandika hii shikamoo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, pale barazani kwa bibi, kwamba barua haianzi na habari, inaanza na salamu, hata kama mwandishi ana hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili nimeshazitoboa.

Hujambo huko Mwanza? Mama mdogo Skolastika hajambo? Lile goti lake linalomsumbua wakati wa baridi linaendeleaje? Na Bernardo, masomo yanakwenda? Hao wawili nawaulizia kwa moyo wangu wote. Wewe nakuulizia kwa adabu.

Sisi huku tu wazima. Wema ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno sita na yote anayatumia. Amemng'ata hata padri kidole siku alipotaka kumbariki. Ferdinand mume wangu yuko kwao Nyantakara, Biharamulo, wiki hii, anamsaidia mama yake kuvuna mahindi. Bibi Bonifasia, mama yako mzazi, naye ni mzima. Macho yake yamepungua. Ulimi haujapungua hata kidogo, utauona huko mbele.

Salamu zimeisha.

Nimetoka kwenye kundi letu la familia kwenye simu, umeona mwenyewe. Uliandika mule, mbele ya wajomba na mashangazi na watoto wa shule: "Huyo mfagizi wa makumbusho aambiwe kwamba historia siyo vumbi la kufuta na kitambaa." Wakakuwekea vicheko. Shangazi mmoja aliweka vicheko vitatu mfululizo. Mule ndani mtu anaandika mstari mmoja, watu wanacheka, imepita. Barua lazima uishike mkononi, na ukitaka kuitupa lazima uinuke uende nayo mpaka kwenye takataka. Ndiyo maana nimeandika barua. Pia ndani ya bahasha kuna karatasi inayohitaji sahihi yako ya wino, na sahihi ya wino haipiti kwenye simu.

Nitaeleza yote tangu mwanzo kana kwamba huyajui. Naomba mama mdogo Skolastika naye aisome, kwa sababu najua yeye umemweleza vingine.

Ni kweli nafagia. Nafungua mlango saa mbili asubuhi, nafagia, nafuta vioo, halafu nawazungusha wageni. Nyumba yetu ya kumbukumbu ni lile ghala la zamani la kahawa, unalijua, harufu ya kahawa haijatoka mpaka leo. Mzee Wiston, mwalimu mstaafu anayeisimamia, hakunichukua kwa ajili ya cheti. Anajua niliishia kidato cha pili na tumbo la mimba. Mimba ile haikukaa, mtoto niliyempata ni Wema, lakini shule ilikuwa imeshanipita. Alinichukua kwa sababu ninajua kusaga kwa jiwe. Wasichana wa umri wangu wamekulia kwenye mashine, wakipiga magoti mbele ya jiwe wanaonekana wanatafuta hereni iliyodondoka. Mimi nimelelewa na bibi. Watoto wa shule wakija, nachukua kikombe cha ulezi, napiga magoti, nasaga, wanaona mababu zao walivyokula kabla ya umeme. Hiyo ndiyo kazi yangu, baba mdogo. Ninaipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Humo ndani tumeweka jembe la chuma kilichoyeyushwa huku huku Ngara. Tumeweka kigoda ambacho wazee wa Kisukuma waliohamia Nyantakara walikuja nacho juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kwenye kona kuna vitu vya miaka ya kambi ya wakimbizi ya Lukole: kipande cha turubai la buluu, debe la mafuta ya msaada na kadi ya mgawo iliyotobolewa pembeni mpaka imekuwa kama kichujio. Kona ile ina vitu vitatu tu, na nimeshaelewa kwa nini. Mtu akileta mkuki wa babu wa babu yake anatembea kifua mbele. Nikiwauliza watu haohao nani ana kitu cha miaka ya Lukole, wanaangalia viatu vyao.

Wanasema wakimbizi walimaliza miti. Ni kweli, vilima vilibaki vipara, bibi alikuwa anatembea nusu siku kutafuta kuni. Wanasema mbuzi waliibwa. Ni kweli pia. Lakini nusu ya milango ya jikoni hapa Mbuba ni bati la madebe yale ya mafuta, tuliyapata kwa kubadilishana ndizi. Yale mahindi ya njano tuliyala. Mashamba yetu walipalilia wao. Watoto wa shule wananiuliza, "Dada, wakimbizi walikuwa wabaya?" Zamani nilikuwa nazungukazunguka. Siku hizi nawaambia, mmoja wao alininyonyesha.

Sasa tuje kwenye jiwe lako.

Agosti mwaka jana, siku ya kufungua nyumba, kila ukoo uliombwa kuleta kitu kimoja. Ulikuja kutoka Mwanza na suti. Ulishusha kwenye gari jiwe la kusagia, lile kubwa tunaloliita mama, na juu yake jiwe dogo la kushika mkononi, tunaloliita mtoto. Ukasimama mbele ya watu ukasema ni jiwe la ukoo, la vizazi vinne. Mzee Wiston akaandika daftarini ulivyosema, ukatia sahihi. Akabandika kibao: JIWE LA KUSAGIA LA UKOO WA MZEE NDUWAYO. VIZAZI VINNE. LIMELETWA NA NDUGU JUVENALI NDUWAYO. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga magoti, nikasaga ulezi, ukapikwa uji, mgeni rasmi akapewa kikombe cha kwanza. Alipotafuna tulisikia wote. Krr. Mchanga. Ukacheka ukasema, "Hiyo ndiyo ladha ya asili, mheshimiwa." Yule mtu mzima wa watu akameza.

Mimi nilinyamaza siku ile. Hilo ni kosa langu, nalikubali hapa kwa mwandiko wangu. Nililitambua jiwe lile tangu liko kwenye gari. Nilijua pia kwamba mtoto yule siyo wake, kwamba ni jiwe uliloliokota mtoni asubuhi ileile, bado lilikuwa na unyevu. Lakini wewe ni baba yangu mdogo, ulikuwa umesimama mbele ya watu na suti, na mimi nilikuwa na kazi mpya na mtoto wa miezi minne. Nikasaga. Miezi kumi nimewasagia watoto wa watu mchanga nikiwaambia ni historia.

Mama mdogo Skolastika, kama unasoma, jiwe lile ni la Niragira.

Niragira alikimbia kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana aliyeolewa juzi. Mtoto wa jiwe alikuja naye amemfunga mgongoni. Wengine walikimbia na sufuria, yeye alikimbia na kile kijiwe cha mama yake. Mama wa jiwe alimtafuta huku. Alipanda mlima huu hapa nyuma ya kwa bibi, akachagua jiwe mwenyewe, akaligonga wiki tatu mpaka likakubali kuwa na uso. Kambini vitu viliibwa, kwa hiyo akamwomba bibi jiwe likae jikoni kwake. Akawa anakuja asubuhi kusaga unga, wa bibi na wa kwake, anaondoka na ndizi na kikombe cha unga. Na kila akimaliza anamchukua mtoto wa jiwe anaondoka naye, ili mtu mwingine asisagie. Bibi alikuwa anamtania: "Niragira, mwanao halali kwetu?" Anajibu: "Atalala siku na mimi nitakapolala."

Mwaka 1998 mama yangu alinizaa, siku ya kumi na sita akafariki. Baba yangu, kaka yako, unajua alivyochanganyikiwa. Bibi hakuwa na ziwa. Niragira alikuwa na Irine wa miezi mitatu. Akamhamishia Irine upande mmoja, mimi akanipa upande mwingine. Baadaye uji ulioniotesha meno ulitoka kwenye jiwe lile. Mimi sikumbuki, lakini wewe ulikuwa kijana mzima, karani kambini, mwenye baiskeli. Unakumbuka kila kitu. Na unapoandika kwenye kundi "huyo mfagizi", huyo mfagizi alipona kwa sababu ya jiwe unaloliita la baba yako.

Mwaka 2006 nina miaka minane, hili nalikumbuka mwenyewe. Malori ya kuwarudisha kwao yalisimama njia panda. Niragira alikuwa amelibeba jiwe kutoka kwa bibi, yeye na mumewe, kwa mti begani. Mtu wa lori akasema watu wanapanda, magodoro yanapanda, mawe hayapandi. Niragira hakulia. Aligeuka akakutazama wewe, kwa sababu ulikuwa na kalamu mfukoni na fulana ya kazi, ulionekana mtu ambaye neno lake lina kazi. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya bibi. Ulisema: "Nenda, Niragira. Hapa hapatasaga mwingine. Ukirudi utalikuta." Akapanda na mtoto wa jiwe mgongoni, amemfunga kwa kanga. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo.

Na jiwe letu sisi, la vizazi vinne, liko wapi? Hilo nalo nalijua, baba mdogo. Mwaka uliojenga nyumba yako ya bati jekundu hapa Mbuba, mafundi walipungukiwa jiwe la pembe, ukawaambia wachukue lile la jikoni kwa bibi, lile kuukuu. Bibi alipiga kelele siku nzima. Liko chini ya nguzo ya baraza lako, mkono wa kulia ukiingia. Koo nyingine zilipoleta vitu vyao hukuwa na cha kuleta, kwa sababu cha kwetu umekijengea. Ndiyo ukaenda nyuma ya jiko ukachukua cha mtu.

Sasa habari yenyewe.

Alhamisi ya tarehe tano mwezi huu nilikuwa nasaga mbele ya watoto wa darasa la nne. Nyuma yao akaingia mwanamke wa umri wangu, kitenge cha kijani, begi zito begani. Akaangalia kidogo. Halafu akasema kwa Kiswahili cha sokoni:

"Dada, unga unakukimbia."

Nikamwambia, "Ndivyo lilivyo, ni jiwe la zamani."

"Siyo uzamani. Huyo mtoto siyo wa huyo mama."

Mtoto mmoja wa shule akamsomea kibao kwa sauti, anajivunia kusoma. Yule mwanamke akauliza, "Nduwayo ni nani?" Nikasema ni babu yangu. Akaangalia jiwe, akaniangalia mimi, akasema:

"Alikuwa anasaga yeye?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wao aligeukia ukutani. Na mimi nilicheka, baba mdogo, nisikudanganye, halafu kicheko kikanikauka, maana alikuwa amefungua begi. Akatoa kitenge, akakifunua, na ndani ya kitenge kulikuwa na mtoto wa jiwe, mweusi, amelainika kama ndizi iliyomenywa. Akapiga magoti bila kuniomba. Akamtupa yule wa mtoni pembeni, akaweka wake. Akasukuma mara moja.

Sijui nikueleze vipi ile sauti. Ilikaa. Shimo la jiwe lile limelalia kushoto, kwa sababu Niragira anatumia mkono wa kushoto, na ukoo wetu mzima haujawahi kuwa na mtu wa kushoto, mara ngapi nimelifuta na sikutaka kuliona. Mtoto akaingia mle kama mguu kwenye kiatu chake. Unga ukatoka mwembamba, haukimbii, unateremka wenyewe. Watoto wakasogea. Nikamwambia, "Wewe ni Irine." Akasema, "Na wewe ndiye uliyekuwa unamaliza ziwa langu."

Tukakumbatiana magoti yakiwa chini. Lakini usidhani alikuja kwa kukumbatiana. Alipoinuka alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Niragira anaumwa, hainuki tena kitandani. Hataki dawa nyingine wala mchungaji mwingine. Anataka jiwe lake liwekwe nje ya dirisha, Irine asage, yeye alisikie akiwa amelala. Hicho tu. Irine alikwenda kwa bibi kwanza, bibi akamwambia liko ghalani, limepewa jina la wanaume. Nikamwomba amwache mtoto kwangu mpaka mambo yanyooke. Akasema, "Mama alisema huyu asilale kwenu. Mara ya kwanza tuliacha mmoja, mkambatiza." Akamfunga kitengeni akaondoka naye. Atarudi Jumamosi tarehe 28, na gari la mizigo la shemeji yake. Sijui kama Niragira ataifikia tarehe hiyo. Irine naye hajui.

Mzee Wiston siyo mtu mbaya, ila anaogopa daftari kuliko anavyomwogopa Mungu. Alisema, "Priscila, nimeona, nimesikia, naamini. Lakini aliyetia sahihi ndiye anayefuta. Bila Juvenali jiwe halitoki na kibao hakibadiliki."

Kwa hiyo nilikupigia. Nilianza na shikamoo. Nilieleza taratibu. Maneno uliyonijibu ni haya: "Walikula miti yetu, walikula mbuzi wetu, sasa wanataka na mawe? Jiwe limetoka mlima wetu. Ni letu. Na wewe wa kidato cha pili usinifundishe historia, kesho utafagia kwako."

Jiwe limetoka mlima wetu, sawa. Mlima ule una mawe mpaka mbuzi wanateguka miguu. Kwa nini hukuchukua lingine? Kwa sababu mengine yote ni mawe tu. Lile Niragira ndiye aliyelifanya jiwe la kusagia, kwa wiki tatu za kugonga na miaka ya magoti. Na mimi je? Mimi nimetoka ukoo wenu, lakini mwili huu ulikuzwa na ziwa lake. Nikatwe upande upi ubaki kwenu, upande upi uende Muyinga?

Ukampigia Mzee Wiston kweli. Ameniambia niende polepole. Sijafukuzwa bado, ila ananitazama kama mtu anayeangalia sufuria inayotaka kufurika.

Nilimsomea bibi maneno yako yote, na ya kwenye kundi. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. Akasema: "Mwandikie. Mwambie nilimzaa na masikio mawili, na siku ya malori yote mawili yalikuwa kichwani kwake. Mwambie mimi nilisikia kwa ya kwangu. Na mwambie nyumba yake ikitikisika, mama mkwe wangu, mwenye lile jiwe, ameshachoka kubeba nguzo." Nimeandika kama alivyosema. Mama mkwe wangu mimi, mama Kwandu wa Nyantakara, naye alisikia habari kwa Ferdinand, akasema jambo moja tu: "Sisi tulihama kutoka Shinyanga na ng'ombe, tuliacha vinu, tuliacha mitungi, tuliacha hata makaburi kwa majirani. Mpaka leo hakuna jirani aliyesema kaburi lile ni la baba yake." Umeshasikika mpaka Biharamulo, baba mdogo. Siyo mimi niliyekutangaza. Ni watoto wa darasa la nne, walifika nyumbani wanauliza kama mzee Nduwayo alikuwa anasaga.

Nikuambie nilichofanya, usije ukakisikia kwa mwingine. Ijumaa asubuhi nilimbeba Wema mgongoni, nikambeba yule mtoto wako wa mtoni kichwani, nikatembea mpaka kwenye nyumba yako ya bati jekundu. Nimemweka barazani, kulia, kwenye nguzo. Akae karibu na bibi yake, lile jiwe letu kuukuu. Kwenye meza ya makumbusho jiwe la Niragira limebaki peke yake, juu yake hakuna kitu. Kibao chako sijakigusa, kina sahihi nyuma yake. Lakini kibao ni chako, mdomo ni wangu. Ijumaa hiyohiyo walikuja watoto wa shule nyingine. Wa kwanza kuuliza alikuwa kabinti kadogo mbele: "Dada, mtoto wake yuko wapi?" Nikamwambia, ameondoka na mwenyewe, mama anasubiri kumfuata. Akauliza, "Kwa nini hajaenda?" Nikamwambia anangoja ruhusa ya mtu mmoja aliye Mwanza.

Kila shule itauliza hivyo. Ukinifukuzisha kazi, kabinti kale kanajua tayari, na wenzake wote.

Nataka ujue kwamba sikuandikii kukuvua nguo. Wewe ndiye uliyekuwa unanishika mkono juu ya kibao cha mbao, kale ka-J kenye mkia ulikuwa unakachora kwa mkaa na mimi nakafuata. Baba yangu alipokwenda na hakurudi, ni wewe uliyesimama shuleni ukaitwa mzazi. Hiyo nayo ni historia, na ningeulizwa ningeiandikia kibao kikubwa. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Mtu nisiyempenda asingenipa shida hii, ningemwacha na uongo wake apendeze nao.

Nimetunga kibao kipya, Mzee Wiston amekisahihisha herufi mbili. Kinasema: JIWE LA KUSAGIA LA NIRAGIRA. MTOTO ALITOKA MUYINGA, MAMA ALITOKA MLIMA WA MBUBA. LILISAGIA HAPA MPAKA 2006. LILITUNZWA KWA BIBI BONIFASIA, MKE WA MZEE NDUWAYO. LIMERUDISHWA KWA MWENYEWE JUNI 2025 NA JUVENALI NDUWAYO. Jiwe likienda tutaweka picha yake, na kibao kitabaki. Tazama, jina la baba yako lipo. Jina lako lipo. Yamekaa tu mahali ambapo mtu wa darasa la nne hatayacheka.

Karatasi ya ruhusa imo ndani ya bahasha. Nimeweka msalaba wa penseli mahali pa sahihi. Ukiweka wino, mpe kondakta wa basi la Ngara, kila asubuhi lipo stendi, nitalipokea mwenyewe. Au uje. Naandika neno hili huku nikijiona mjinga, lakini naliandika: uje. Jumamosi tarehe 28, saa tatu. Jiwe ni zito, linataka watu wawili na mti wa begani. Shemeji yake Irine atakuwepo upande mmoja. Upande wa pili sijamwambia mtu yeyote ashike.

Nisalimie sana mama mdogo Skolastika, mwambie apake mafuta ya moto kwenye goti. Msalimie Bernardo, mwambie dada yake anamkumbuka. Bibi Bonifasia amesema hakusalimii mpaka aone, ila amenituma niulize kama bado unakula mihogo ya kuchoma. Wema anakupungia mkono, yeye hana ugomvi na mtu.

Mungu akulinde na gari, na ugonjwa, na hao wanaokuwekea vicheko. Akupe mkono mwepesi kwenye kalamu.

Ni mimi, mtoto wako anayekupenda leo kwa tabu,

Priscila.

Nyongeza: Kile kifuko kidogo cha karatasi ni unga wa ulezi. Ndio uliosagwa siku ile, mama na mtoto wakiwa pamoja. Irine alichukua nusu akampelekee mama yake, nusu nyingine nikaigawa kwa bibi na Wema, na hiki kidogo ni chako. Mwombe mama mdogo akupikie uji. Asiuchekeche. Hauna mchanga.